Windows 98 na XP zinatofautiana nini hasa? Programu ya mzee imegoma

SpeaMoro:
Habari za leo wakuu, naomba msaada. Mzee wangu ana duka la spea za magari hapa Morogoro, stoo yake yote iko kwenye programu ya DOS (ule mfumo wa zamani wa kuandika amri, kabla ya Windows) aliyotengenezewa na kijana mmoja mwaka 1999, inakaa kwenye kompyuta ya Windows 98 na nyuma kwenye tundu la printa kuna kidude cha ukubwa wa kibiriti, ukikichomoa tu programu haifunguki. Mashine imechoka, feni inalia kama mashine ya kusaga, fundi akatuletea nyingine, Pentium 4 yenye XP na RAM ya 1GB, akasema XP ni 98 ileile imebadilishwa sura tu. Tumehamisha faili zote na kidude tumechomeka, programu inasema hakipo! Fundi sasa hapokei simu. Mzee ananiuliza mimi niliyesoma na sina jibu la kumpa.

Kibodi_Kongwe:
Poleni sana mkuu. Hapo fundi amewapotosha, hizo ni koo mbili tofauti kabisa. 95, 98 na Me zimejengwa juu ya DOS, ndani yake programu inaruhusiwa kwenda yenyewe moja kwa moja kwenye tundu la printa na kuongea na kidude. XP iliyotoka Oktoba 2001 haitoki huko, inatoka kwenye Windows NT, mfumo mwingine wa Microsoft, kazi iliyoongozwa na mhandisi wao Dave Cutler na toleo lake la kwanza likatoka 1993, halafu ikaja Windows 2000 na ndipo XP. Kwenye ukoo wa NT programu haigusi vifaa, inamwomba mfumo, mfumo ndio unagusa. Programu yenu ya DOS kule inawekwa kwenye chumba chake cha kuigiza DOS, inapiga hodi kwenye tundu na hodi yake haifiki, basi inaamini kidude hakipo.

Na ndiyo sababu hiyohiyo 98 ilikuwa inaganda sana, programu moja ikikosea inaharibu sehemu ya memori ambayo wote wanaitegemea unaona skrini ya bluu, kumbe kwenye XP unaiua hiyo moja na kazi zingine zinaendelea. Hata paswedi, 98 ukibonyeza Esc unaingia tu, XP haikubali hivyo. Kwa hiyo XP ni bora kwa mbali, ila ubora wake ndio unaowazuia nyie.

mama_server:
Naongezea hapo juu, kulikuwa na hesabu ya muda ndani ya 95 na 98, inahesabu milisekunde tangu uwashe na ikifika kama siku 49.7 namba inajaa, mashine inaganda. Watu wengi hawakuwahi kuliona hilo maana ilikuwa haifiki hata wiki bila kuzimwa.

SpeaMoro, kuna draiva (viprogramu vya kuunganisha mfumo na vifaa) za kuifungulia programu njia kwenye XP lakini kwa data ya mzee mimi nisingejaribu kwanza, wekeni 98 kwenye hiyo Pentium 4. ILA chomoeni RAM ibaki 512MB, ikizidi hapo 98 inakwambia memori haitoshi wakati imejaa tele, nimeshaona mtu anaongeza RAM kila siku kumbe anazidisha tatizo. Na kabla ya yote kopi folda yote ya stoo, tafadhali sana.

SpeaMoro:
Asante sana dada. Je naweza kuziacha zote mbili kwenye mashine moja? Diski ni ya 40GB.

Kibodi_Kongwe:
Unaweza. Gawa diski mara mbili, ya kwanza fomati FAT32 (FAT32 na NTFS ni namna mbili za kupanga faili kwenye diski), anza kuinstoli 98 humo, halafu XP kwenye ya pili, ukiwasha itakuuliza unataka ipi. Usigeuze mpangilio. Na ile ya kwanza isiwe NTFS maana 98 haiisomi kabisa, ila XP inasoma zote. Tafuta draiva za 98 za hiyo bodi mapema.

SpeaMoro:
Wakuu nimerudi. Jana tumekesha hadi saa sita usiku lakini imekubali, kidude kimeonekana, mzee akavaa miwani akaandika BOSHI COROLLA na orodha yote ikashuka na bei zake, hakusema kitu, akaanza kuhakiki mstari kwa mstari na daftari lake. Flashi, ile Windows 98 haijawahi kuitambua bila draiva yake na ndiyo maana miaka yote hii hatukuwa na kopi hata moja, sasa kila jioni akifunga duka nawasha upande wa XP nakopi folda ya stoo kwenye flashi. Nyingine nimempa mama aiweke nyumbani.