Mvua za Machi zimefika Kampala: nipande nini uani, na vipando vya nyumbani nivilete?

Mpangaji wa Kisaasi:

Habari zenu ndugu zangu mlioko Kampala na kwingineko Uganda. Tumehamia Kisaasi kifamilia, tukitokea Tanga. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi chenye jua mpaka alasiri. Mbele kote kumesakafiwa. Mvua zimeanza na mikono inaniwasha kushika jembe. Mke wangu anataka kisamvu na matembele ya kwetu. Dada yangu anakuja na basi kupitia mpaka wa Mutukula mwisho wa mwezi, nikawaza nimwambie afunge vipando vya muhogo na marando ya viazi kwenye gunia bichi. Inafaa? Na zaidi ya hivyo, wakati huu nipande nini?

Mama wa Kira:

Karibu sana kaka, na umsalimie shemeji yangu. Nianze na gunia la dada, maana hilo halisubiri. Mwambie akate majani ayale huko huko, gunia asilipandishe basi.

Kipando cha muhogo hubeba maradhi ndani yake, na mara nyingi ukikitazama kwa macho unakiona kizima. Kuna batobato na kuna michirizi kahawia. Huo wa michirizi uliandikwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na mtafiti wa kituo cha Amani, huko huko kwenu Usambara, na ukanda wa pwani umeishi nao tangu enzi hizo. Uganda nayo ina kidonda chake. Miaka ya 1990 batobato kali iliangamiza mihogo kiasi kwamba kuna sehemu za kaskazini na mashariki watu waliacha kabisa kuilima, na chakula kikawa shida. Tangu 2004 michirizi kahawia nayo imeonekana tena na kusambaa. Wewe utapanda mashina machache ya mboga, lakini inzi weupe, wadudu wanaoeneza maradhi haya, watanyonya kwako na kuruka ukuta hadi kwa jirani. Marando ya viazi nayo hubeba virusi vyake kwa njia hiyo hiyo.

Halafu kuna sheria. Mmea hai unaovuka mpaka unahitaji kibali cha kuuingiza kutoka Wizara ya Kilimo ya Uganda na cheti cha afya ya mimea kutoka upande unakotoka. Kwa Tanzania wanaotoa ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Bila hivyo mkaguzi ana haki ya kulichukua gunia pale pale mpakani, na dada atabaki anajieleza huku basi linapiga honi.

Sasa habari njema: unachokitamani kipo hapa. Nchi hii ni ya viazi vitamu. Mtafiti Robert Mwanga, Mganda, ni mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, kwa kazi ya mazao yaliyoongezwa virutubisho. Yeye mchango wake ni viazi vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Kwa hiyo ukitafuta marando, omba ya rangi ya chungwa, kama Kakamega, Ejumula au mojawapo ya zile aina za NASPOT zenye rangi hiyo. Watoto watakula kiazi, ninyi mtakula matembele. Majirani zangu hapa Kira wanalima viazi kwa ajili ya kiazi chenyewe na majani huwapa mbuzi, hivyo ukiomba marando wanakupa na kicheko juu. Kata ncha zenye urefu wa kama sentimita 30 kutoka shina lisilo na majani yaliyokunjamana wala mabaka, fukia theluthi mbili, acha ncha ipumue. Ukianza kuchuma, chuma kwa kuzunguka. Usilivue shina moja majani yote, kiazi hakitajaa.

Kuhusu wakati. Ndugu zetu walioko Uingereza na Ujerumani mwezi huu wanangoja ardhi ipate joto, wengine wanaotesha miche madirishani. Huku hatungoji joto. Dada akija atapita Kayabwe, njia ya Masaka, pale ikweta ilipo. Jua letu ni lile lile mwaka mzima, na kinachofungua msimu ni maji tu. Mvua hizi za Machi hadi Mei Waganda wanaziita toggo, na zile za kuanzia Septemba ni ddumbi. Ukikosea huu, una mwingine mbele ya mwaka huo huo, kwa hiyo usikimbizwe na mtu. Manyunyu ya kwanza hudanganya. Ardhi inalowa juu, mbegu zinachipua, kisha jua la wiki nzima linazikausha. Chimba kwa mkono: kama udongo una unyevu kina cha shibiri moja, panda. Kama chini bado ni vumbi, endelea kuandaa matuta. Mamlaka ya Hali ya Hewa, UNMA, hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei. Usome kabla hujamwaga mbegu.

Mboga za kuanzia: mchicha, huku unaitwa doodo, na unaanza kuuchuma baada ya wiki tatu au nne. Weka na nakati. Hiyo kwenu Tanga huenda hamkuizoea, lakini mpe nafasi. Ni jamaa wa ngogwe, majani yake yana uchungu mdogo mtamu, na Mganda bila nakati mezani haoni kama amekula mboga. Inachelewa kuota, msiifukue mkidhani imekufa. Mgagani upo, ulizia jjobyo. Mnavu upo, ulizia nsugga. Ngogwe zenyewe ni ntula, na mche mmoja ukishika unazaa muda mrefu mno. Maharage pia, kama nafasi inatosha, kwa sababu yanapenda mvua hizi na yanakomaa ndani ya miezi miwili na nusu hadi mitatu.

Nyanya nakushauri uziache sasa. Mvua zikikolea, bakajani chelewa huzipiga kwa siku chache tu: majani yanababuka, matunda yanaoza yakiwa mabichi, na dawa unazopiga mvua inazisafisha jioni. Kama unazitaka sana, zipande chini ya upenu wa bati, majani yasilowe, na umwagilie chini kwenye shina.

Udongo wetu mwekundu unahitaji kulishwa. Wafugaji wa kuku hapa hutandika maganda ya kahawa bandani, na mchanganyiko huo wa maganda na kinyesi huuzwa kwa gunia. Ni mbolea nzuri mno, ila usiitie mbichi, itaunguza mizizi. Ilundike, ilowanishe, ifunike, igeuze. Ikipoa na kuacha harufu kali, iko tayari. Maganda ya matooke, ndizi za kupika, nayo usiyatupe kamwe. Hapa Kampala hakuna nyumba isiyokuwa nayo, na yanaoza upesi. Udongo wa kuongezea usichukue bonde la Nakivubo au kando ya mitaro ya mjini, hata ukiuona mweusi na mnono. Maji machafu ya jiji hupita huko kuelekea ziwani na huacha mengi njiani.

Mbegu nunua duka linalojulikana, pakiti imefungwa na tarehe inasomeka. Pale Container Village mjini kuna maduka mengi ya pembejeo, lakini mbegu bandia ni tatizo la kweli nchini hapa, hivyo jaribu kidogo kwanza: weka mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi uone ngapi zitachipua. Na wewe una bahati, kituo cha kilimo cha Mamlaka ya Jiji, KCCA, kiko Kyanja, jirani yako kabisa. Nenda kaone wanavyopanda kwenye magunia na masanduku ya ngazi. Ule upande wako wa mbele uliosakafiwa unafaa kwa magunia: katikati panga safu ya kokoto ya kupitishia maji, pembeni jaza udongo na mbolea, toboa ubavuni, panda juu na kwenye matundu.

Kaka wa Makindye:

Mama, shikamoo. Mimi ni mtu wa Bukavu. Nakubali yote, naongeza la kisamvu, sisi tunaita sombe. Huku Makindye na Katwe Wakongo ni wengi, na wapo akina mama wanaouza sombe limetwangwa tayari. Ndugu wa Kisaasi, kama unalitaka shinani, tafuta vipando vya aina zilizotolewa na watafiti wa kituo cha kilimo cha Namulonge, mfano NAROCASS 1, inayoustahimili ule ugonjwa wa michirizi. Na kwa yeyote anayejifunza kulipika: sombe hutwangwa, kisha huchemshwa muda mrefu bila kufunika chungu, sumu yake itoke na mvuke. Usilikaange mbichi kama mchicha.

Mwalimu wa Mbarara:

Kwenye nyanya napingana kidogo na Mama wa Kira. Huku kwetu mvua ni chache kuliko huko karibu na ziwa, na anayezipanda kwa nafasi pana na kuzifunga kwenye miti anavuna. Kwa Kisaasi lakini amesema kweli.

Ninachotaka kusisitiza ni migomba. Mgeni akifika Uganda anatamani mgomba uani, na ni haki yake. Ila mnyauko bakteria uko hapa tangu 2001. Ukiona majani yananyauka ya manjano na ndizi zinaiva kabla ya wakati, huku ndani zina rangi ya kutu, huo ndio. Hauna dawa. Mkungu ukishamaliza kutoa vichane, vunja lile ua la zambarau kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga, maana nyuki hutoa ugonjwa ua hili na kuupeleka lile. Na panga la mtu wa kibarua lisiguse mgomba wako kabla ya kupitishwa motoni au kuoshwa kwa jiki. Hili msione haya kulidai. Wenyeji wenyewe hulidai.

Mpangaji wa Kisaasi:

Asanteni mno. Dada nimeshampigia, gunia halibebwi, ataleta dagaa na nazi. Nimebaki na mawili. Mwenye nyumba sijamwambia kitu. Na bili ya maji nimeambiwa inapanda ukimwagilia.

Mama wa Kira:

Dagaa na nazi ndiyo mzigo wa maana, hayo matembele utayapikia nini?

Mwenye nyumba mwambie kabla jembe halijagusa ardhi, na mwambie kwa heshima, umemfuata kwake au umempigia. Ujumbe mfupi hautoshi. Mweleze utachimba wapi, kwamba hutapanda mti wa mizizi mikubwa karibu na ukuta wala juu ya shimo la maji taka, na kwamba ukihama utaacha pamesawazishwa. Wengi wanafurahi mtu akiwatunzia uwanja. Yeye au mlinzi wake atakuonyesha bomba za chini zinapita wapi. Kilimo cha mjini Kampala kina sheria ndogo zake tangu 2006, kwa hiyo akisema ni marufuku kulima mjini, mjibu taratibu kwamba kinaruhusiwa kwa utaratibu. Lakini ardhi ni yake. Akikataa kuchimbwa, rudi kwenye magunia.

Maji: kinga ya mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20, na toggo hufanya hivyo kwa mchana mmoja, zimekupita lita 1,000. Anza hata na pipa moja chini ya mfereji. Maji ya dakika za kwanza baada ya kiangazi yaache yapite, yana vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunike kwa wavu wa matundu madogo, na kila kopo, ndoo na kiriba kilicholala uani kipinduliwe, kwa sababu mbu hutaka maji kidogo tu yaliyotulia na ninyi mna watoto.

Baada ya kumwagilia tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba, ila usiyabane na shina, konokono hujificha hapo. Marando ninayo ya kutosha. Njoo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, uje na gazeti la kuyafungia, na umlete shemeji achague mwenyewe.