Naomba ushauri: kufuatilia familia za Nicodemus, Kansas, kabla ya 1870

Ndugu wanachama, salaam.

Ninaandika historia ya Nicodemus, mji mdogo wa mbugani katika jimbo la Kansas, Marekani, ulioanzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani Kentucky. Walikuta nyika isiyo na miti ya kutosha kujengea, hivyo wakachimba makao ardhini na kuyaezeka kwa nyasi na udongo. Reli ilipopita mbali na mji mwaka 1888, wafanyabiashara wengi walihama. Hata hivyo, vizazi vya waasisi hurejea kila Julai kusherehekea, na kwa heshima yao nataka waasisi watajwe mmoja mmoja kwa majina.

Nimepitia sensa ya taifa ya 1880 na ile ya Kansas ya 1885, ambayo ina safu inayoonyesha mtu alitoka wapi kabla ya kuingia jimboni. Nimekwama nyuma ya hapo, kwa sababu orodha za watumwa katika sensa za 1850 na 1860 hutaja jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya mtumwa, kwa kawaida bila jina lake.

Kwa wenye uzoefu: je, nianze na hati za mirathi za wamiliki wa Kentucky, au kumbukumbu za ndoa za walioachwa huru? Na jalada la maombi ya ardhi chini ya sheria ya 1862 (Homestead Act, iliyowapa walowezi ardhi ya serikali wakiishi humo na kuilima kwa miaka 5) lina maelezo ya maana iwapo mwombaji aliondoka kabla ya kutimiza miaka hiyo?

Natanguliza shukrani.