Moyo mkamilifu kwa Mungu: mtu ajipimeje?

Mtafuta_Uso: Shalom wapendwa. Mtu anasali, anatoa zaka, dhambi ya wazi hana. Atajuaje kama moyo wake haujagawanyika?

Mzee wa Kanisa: Soma 2 Nyakati 25. Amazia, mfalme wa Yuda, alimtii Mungu kwa gharama: aliwarudisha askari 100,000 aliowakodi, talanta 100 za fedha zikapotea. Akawapiga adui zake Waedomu, halafu akabeba miungu yao akaisujudia! Jichunguze zaidi baada ya ushindi kuliko wakati wa shida.

Mama Neema: Amina mzee. Kwa vitendo, kila siku tenga dakika 20 kabla hujashika simu: sura moja ya Biblia, maombi, kisha andika jambo moja la kutii leo. Usianze na muda wa saa mbili kwa siku, Jumatano utakuwa umeacha.

Mtafuta_Uso: Na nikikosa siku?

Mama Neema: Endelea kesho, usijaribu kufidia siku uliyokosa.