UTI isiyoisha na mkojo wa damu: ni bakteria, kichocho, au vyote viwili?

NgoshaWaNgudu:
Wakuu, naomba ushauri. Mdogo wangu wa kiume, miaka 22, kilo 58, analima mpunga kwenye majaruba huku Kwimba. Mkojo unamuunguza na tone la mwisho linatoka na damu. Kipimo cha kijiti kimesoma: damu +++, protini +, chembe nyeupe ++, nitraiti hasi. Ameshapewa siprofloksasini (antibayotiki) mara mbili kwa jina la UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo. Anapata nafuu kidogo, halafu hali inarudi vilevile. Hana homa. Sasa wanataka aanze sindano za antibayotiki. Tufanyeje?

HadubiniSafi:
Sindano zisubiri, mkuu. Hayo majibu hayajaonyesha bakteria. Chembe nyeupe ni dalili kwamba kibofu kina uvimbe tu, na mayai ya mnyoo wa kichocho yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu huleta chembe hizo kwa wingi bila bakteria hata mmoja. Damu kadhalika. Kinachoelekeza kwenye bakteria ni nitraiti, kemikali ambayo bakteria wengi huitengeneza kwenye mkojo, nayo ni hasi. Hiyo haiwaondoi bakteria moja kwa moja, maana wengine kama enterokokasi hawaitengenezi, na hata *E. coli* huhitaji mkojo ukae kibofuni kama saa 4 ndipo kijiti kibadilike rangi.

Damu ya tone la mwisho kwa kijana wa majarubani, mimi ningeanza na kichocho. Ziwani kwenyewe kinachosumbua ni kichocho cha matumbo. Cha mkojo kiko huko kwenu kwenye malambo na madimbwi, kwa sababu konokono wake ni wa aina nyingine. Aombe mkojo uchujwe mililita 10 na utazamwe kwa hadubini: yai lina mwiba mwishoni.

KombeLaTiba:
Hiyo ni UTI sugu. Apige sindano siku 7 na anywe maji mengi, atapona.

MfamasiaKijiweni:
Kombe, sindano haiui mnyoo. Na "UTI sugu" bila kuotesha mkojo maabara kuona kama bakteria wamo ni kubahatisha.

Mayai yakionekana, dawa ni prazikwanteli miligramu 40 kwa kila kilo. Kilo 58 ni miligramu 2,320, yaani vidonge 4 vya miligramu 600, dozi moja. Ale kwanza, ugali wa kutosha, si chai tupu. Tumboni kukiwa na chakula dawa hufyonzwa vizuri na kizunguzungu hupungua. Ameze bila kutafuna, ni chungu mno. Kama yuko kwenye dozi ya TB aseme mapema, kwa sababu rifampisini huishusha prazikwanteli kwenye damu mpaka inakosa nguvu.

Wengi huanguka hapa: dawa haiui minyoo michanga. Aliyeingia majini wiki tatu zilizopita atameza leo, na minyoo hiyo itakomaa kama vile hakumeza kitu. Kwa hiyo arudi kupima baada ya wiki 6 hadi 8, arudie dozi ikibidi. Mayai ya zamani huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, kwa hiyo akiona damu wiki ya kwanza asikimbilie antibayotiki.

HadubiniSafi:
Na vyote viwili huja pamoja. Kovu la mayai hubana mirija inayotoka kwenye figo, mkojo unatuama, bakteria wanapata makao. Ndiyo maana ningeomba na ultrasaundi ya figo na kibofu. Akipata homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni, hapo ni hospitali siku hiyohiyo. Bakteria wamepanda figoni. Kuna pia bakteria wa salmonela wanaojishikiza kwenye mwili wa mnyoo: homa inatulia kwa dawa, dawa ikiisha inarudi, mpaka mnyoo naye atibiwe.

NgoshaWaNgudu:
Nimewaelewa. Mkojo wa kuotesha na wa kutafuta mayai, kikopo kimoja kinatosha?

HadubiniSafi:
Hapana, vinataka mkojo tofauti kabisa. Wa kuotesha ni wa asubuhi: asafishe kichwa cha uume, mkojo wa mwanzo aumwage, akinge wa katikati kwenye kikopo tasa, ufike maabara ndani ya saa 2 au uwekwe kwenye friji. Achukue kabla ya antibayotiki yoyote. Akishameza, bakteria hawaoti na majibu yatadanganya.

Wa mayai ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ndipo hutoka kwa wingi. Atembee haraka au aruke kidogo kwanza, kisha akinge mpaka tone la mwisho, maana mayai yamo humo. Asiache kikopo juani. Yai likianguliwa hutaliona. Aandike saa juu ya kila kikopo.