Tathmini ya elimu maalumu Marekani kwa mtoto wa Kiswahili

Mzazi_Ohio: Wakuu, shule imeleta fomu ya ridhaa ili mwanasaikolojia ampime mtoto wa darasa la pili. Nyumbani ni Kiswahili tu. Nisaini?

Mwl_Riziki: Saini, ila soma kwanza watapima nini. Kwa sheria ya IDEA (ya Marekani kuhusu elimu ya watoto wenye ulemavu), saini hiyo inaruhusu tathmini pekee. Huduma zina ridhaa yake. Siku 60 huhesabiwa tangu shule ipokee saini yako, ingawa majimbo mengine yana muda wao. Taja lugha ya nyumbani kwa maandishi na uombe mkalimani aliyefunzwa. Ndugu asitumike: hudokeza majibu, alama zikapotoka.

Saikolojia_Shuleni: Kwenye lugha ndipo mengi huharibika. Vipimo vingi vya akili vina wastani wa 100, na watoto wengi huangukia kati ya 85 na 115. Akipata 75 kwenye msamiati wa Kiingereza na 98 kwenye mafumbo ya picha, alama ya jumla inapotosha kabisa. Kutafsiri kipimo papo hapo nako kunaharibu ulinganisho. Sheria inakataza kumwingiza elimu maalumu kwa sababu kuu kwamba hajui Kiingereza vizuri. Mwanasaikolojia makini humtazama darasani, hukagua usikivu na macho, na huwauliza nyinyi alianza lini kuongea.

Mzazi_Ohio: Nisipokubali ripoti?

Mwl_Riziki: Omba tathmini huru, ya mtaalamu asiye wa shule, kwa gharama ya umma. Shule italipia, au ifungue shauri kutetea yake. Na ripoti uipate kabla ya kikao cha IEP (mpango wa elimu wa mtoto mwenyewe), tafadhali, si mezani siku hiyo.