Tupeane uzoefu: gitaa kavu la kurithi linamfaa anayeanza?

Mjukuu wa Ujiji

Wakuu, salaam. Baada ya arobaini ya babu, baba mkubwa kanikabidhi gitaa lake kavu, yaani lisilotumia umeme. Ukichungulia kwenye tundu kuna karatasi iliyofifia, neno linalosomeka ni Gallotone tu. Babu alilipiga kwenye harusi za Ujiji enzi za ujana wake. Mimi sijui hata kodi moja (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja) na nataka kujifunzia hili hili. Rafiki yangu mpiga besi anasema nilitundike ukutani, ninunue jipya. Nyuzi ni za chuma, zimeshika kutu na zimekaa juu kweli kweli. Kingine kinachonishangaza: uzi wa nne ni mwembamba sawasawa na wa kwanza. Mliorithi magitaa, nyie mlianzaje?

MamaAlto

Pole kwa msiba, mwanangu. La kwangu lilikuwa la marehemu baba, mwalimu wa kwaya. Liliundwa kwa nyuzi za nailoni, ila kabla halijanifikia kaka yangu alilifunga za chuma ili lisikike vizuri kanisani. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa takriban kilo 70. Za nailoni ni karibu nusu ya hapo. Nilipolipokea, daraja, kile kipande cha mbao juu ya boksi kinachobeba nyuzi, lilikuwa limenyanyuka kwa nyuma, ukucha unapita kati yake na mbao. Seremala alilibandua taratibu kwa kisu kilichopashwa moto, akakwangua gundi yote ya zamani, akalibandika upya na kulibana usiku kucha. Nikarudisha nailoni, na hadi leo nafundishia watoto wa kwaya. Vidole haviumi sana. Ugumu wake ni shingo pana, mwenye kiganja kidogo anahangaika.

Kwa hiyo jua kwanza lako liliundwa kwa nyuzi gani. Kama nyuzi zinaishia kwenye kipande cha bati kilichofungwa mkiani, hilo ni la chuma, usiwe na wasiwasi.

Mwana wa Butere

Salamu kutoka magharibi mwa Kenya. Mzee wangu alikuwa mpigaji wa omutibo, ule mtindo wa mwanamuziki George Mukabi, mmoja anapiga gitaa na mwenzake anakwaruza chupa ya Fanta. Alipotuachia gitaa, ndugu zangu wote walijaribu wakaacha, wakisema hawana kipaji. Kipaji kilikuwepo! Nyuzi ndizo zilikuwa juu mno, ukibana kodi unabana kwa nguvu zako zote na bado inakoroma.

Chukua rula, pima kutoka juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni kwa upana) hadi chini ya ule uzi mnene wa sita. Milimita mbili na nusu hadi tatu, anayeanza atamudu. Ikizidi nne, atateseka. Kisha kagua shingo: bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na boksi, utazame nafasi iliyobaki katikati. Ikiwa ni nyembamba kama karatasi, shingo iko sawa. Ikiwa kubwa, shingo imepinda, na magitaa mengi ya bei nafuu ya zamani hayana chuma cha kuinyooshea. Letu lilikuwa limenyooka, fundi akasugua tu kile kipande cha mfupa kilicho juu ya daraja. Ukitaka nyuzi zishuke milimita moja pale freti ya 12, mfupa unapunguzwa mbili. Asugue kidogo kidogo huku akipima, maana mfupa ukishaisha haurudi.

Mtu wa Likasi

Ndugu wa Ujiji, huo uzi wa nne usiutupe! Huku Kongo tunaita mi-composé. Unatoa uzi wa nne wa kawaida, unaweka mwembamba kama wa kwanza, unaukaza utoe noti ile ile ya re (D) lakini oktavu moja juu, yaani re inayofuata, nyembamba zaidi. Solo inang'aa, noti zinapishana karibu karibu. Babu yako alikuwa anafuata magitaa ya ng'ambo ya ziwa, na alijua anachofanya.

Lakini wewe unayeanza, weka uzi wa nne wa kawaida kwanza, la sivyo kodi utakazofundishwa hazitasikika kama za mwalimu. Mi-composé utairudia mkono ukishazoea.

Na huyo rafiki yako mwambie kwamba John Lennon wa Beatles alianza na Gallotone Champion, gitaa la bei ndogo lililotengenezwa Afrika Kusini. Hapa mjini kwetu, enzi ukiitwa Jadotville, ndipo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, akipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gitaa kavu moja, na unasikia kama wapigaji wawili.

Mjukuu wa Ujiji

Nimesoma huku machozi yananilenga. Nimepima: milimita tano kasoro. Shingo imenyooka. Bati la mkiani lipo. Uzi mwembamba nimeuviringisha na kuuweka kwenye bahasha yenye jina la babu. Sasa ninunue nyuzi za namba gani ya unene?

MamaAlto

Namba 10, ndizo nyepesi za chuma. Mbao ni za umri mkubwa, kwa hiyo kaza zote chini kwa toni nzima, na ukitaka kuimba na wenzako weka kepo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya pili, utalingana nao. Hapo vidole vitapumua hata kabla fundi hajagusa mfupa.

Ukishafunga, gusa uzi wa kwanza juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige. Kisha ubane hapo hapo, upige tena. Sauti zikilingana, jifunze bila hofu. Zikitofautiana, baki na kodi za freti tatu za mwanzo, nazo zinatosha nyimbo nyingi tu. Anza na kodi za G, C na D, kisha utuletee sauti tusikie.

Mwana wa Butere

Na picha ya ile karatasi ya ndani, tafadhali. Ipige mchana, kwenye mwanga wa dirisha.