Bra zote zinapwaya baada ya kupungua: fundi, mitumba ama mpya?

BintiMaweni (Malindi):
Assalam aleikum dadazangu. Nimekua napunguza mwili tangu Ramadhani iishe, mahamri ya asubuhi nimewacha, soda nimewacha, jioni natembea ufuoni na alhamdulillah kilo zimeshuka. Shida ni kifua, kimeisha kabla hata ya tumbo! Bra zangu ni 40D na sasa vikombe vina hewa juu, nikivaa dera jepesi mkunjo unaonekana kabisa, mikanda ya mabegani inateremka kila saa na nyuma inapanda hadi katikati ya mgongo. Sasa nilinganishieni, nipeleke kwa fundi azipunguze, nitafute mitumba, ama ninunue mpya? Na bado sijamaliza kupungua. Pia niambieni ukweli, matiti yatarudi yalivyokua?

NesiPwani:
Waaleikum salaam dadangu, hongera sana. Titi lina mafuta, lina tezi za maziwa, na lina nyuzi zinazolishikilia pamoja na ngozi. Ukipungua, mafuta ndio yanaenda, tezi zinabaki. Sasa kiwango cha mafuta hakilingani kwa wanawake, ndo maana utaona wawili wamepungua kilo sawa, mmoja kifua kimeisha na mwengine hakijaguswa, na huwezi kuamrisha mwili utoe mafuta tumboni uwache kifuani. Zile nyuzi na ngozi zikishavutika hazijikazi zote tena, hasa umri ukisonga na mimba zikiwa nyingi. Push-up zinakaza misuli iliyo nyuma ya titi, kifua kinakaa vizuri kidogo, lakini titi lenyewe halina msuli kwa hivyo halijai kwa zoezi. Na zile krimu za kukuza matiti zinazouzwa kwa simu usitie pesa yako huko, tafadhali.

Jambo moja nalisema kwa uzito: kupungua kwa kawaida kunagusa matiti yote mawili. Kama ni moja tu limebadilika, ama kuna uvimbe, ngozi inaingia ndani, chuchu inatoa maji ama damu, hiyo si habari ya bra, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Na mtu anaepungua bila kujaribu pia aende akapimwe.

BiFundi_Langoni (Lamu):
Mwanangu, mimi nashona miaka mingi na hizi bra naletewa sana. Mkanda wa nyuma napunguza, hiyo kazi ndogo, nafungua kulabu, nakata mkanda, narudisha kulabu. Lakini ni kwa saizi moja tu, 40 kwenda 38. Ukitaka nikutoe 40 hadi 36 mikanda ya mabegani itakaribiana sana huko nyuma na vikombe vitavutwa kwapani, utavaa siku moja uitupe. Na kikombe sikigusi kabisa, hasa kile cha sponji chenye waya. Kikombe kikiwa kikubwa waya unapanda mpaka kwapani unakuchoma, hapo hakuna sindano ya kusaidia.

ShogaWaKongowea:
Mimi ni mitumba bila kufikiria mara mbili. Mtu ambae bado anapungua ananunua mpya ya nini, baada ya miezi mitatu haimtoshi tena? Panda matatu uende soko la Kongowea, Mombasa, asubuhi mapema bale likifunguliwa, uchague kamera, yaani zile nzuri za kwanza, kabla haijawa fagia, yale mabaki. Utapata za Uingereza ambazo mpya huzioni hapa. Lakini ujue kuangalia: vuta mkanda uwachilie, ukirudi polepole ama ukibaki umelegea lastiki imekufa, weka chini. Ukiona vinyuzi vyeupe vimechomoza pembeni, weka chini. Pitisha kidole kwa waya wote uone kama umepinda ama umeanza kutoboa kitambaa. Halafu ukifika nyumbani uioshe kwanza vizuri na uianike.

UmmSalim (Lamu):
Nyinyi mlio karibu na Mombasa mna raha ya kuchagua. Sisi huku mzigo unakuja kwa basi mpaka Mokowe halafu boti, ukikosea saizi kurudisha ni nauli juu ya nauli. Mimi naagiza mpya, lakini napima kwanza. Na nampinga shoga hapo juu kidogo, bra ya mitumba hata iwe kamera ni lastiki ambayo ishatumika, na kazi kubwa ya kubeba kifua inafanywa na ule mkanda wa chini, si mikanda ya mabegani. Kwa mwenye kifua kizito mkanda uliochoka ni maumivu ya mabega na shingo. Kwa mwenye kifua kidogo sawa, mitumba itamtosha.

BintiMaweni:
Shikamoo Bi Fundi, ahsante sana. UmmSalim unapimaje? Mimi nilikua naangalia namba ya ile ya zamani nanunua hiyo hiyo.

UmmSalim:
Chukua tepu ya fundi, upande wa inchi. Pima chini kabisa ya matiti, tepu ikaze na ilale sawa mbele na nyuma, utoe pumzi. Hiyo ndio namba, ikiangukia 35 jaribu 34 na 36. Halafu pima pale kifua kimejaa zaidi, bila kukaza, ukiwa huna bra ama na ile nyembamba isiyo na sponji. Toa ya chini kwa ya juu: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D. Usipime siku za karibu na hedhi manake kifua hujaa maji, ngoja iishe.

BiFundi_Langoni:
Marahaba mwanangu. Na bra mpya ifungwe kulabu ya mwisho, ile ya nje kabisa, ndio ikilegea uingie ndani. Ukianza na kulabu ya ndani itakapolegea huna pa kwenda.

BintiMaweni:
Nimepima sasa hivi. Chini 36, juu 39. Kwa hivyo ni 36C? Yaani kutoka D hadi C tu? Mbona naona kama nimepoteza zaidi ya hapo.

NesiPwani:
Umepoteza zaidi kweli. Herufi haisimami peke yake, inafuata namba. Kikombe cha 36C kina ujazo sawa na 38B ama 34D, na 40 yenye ujazo huo ni 40A. Kwa hivyo ukiangalia ujazo umeshuka hatua tatu, si moja. Ndo maana Bi Fundi hawezi kukuokolea hizo za zamani.

ShogaWaKongowea:
Basi mimi nasema nunua moja mpya ya 36C ya kutokea, iwe ya pamba manake joto la Malindi na nailoni ni upele chini ya matiti, na ya nyumbani chukua zile za kuvuta zisizo na waya, za michezo, zinakufuata ukipungua. Zinabana matiti pamoja hazipendezi chini ya nguo ya harusi lakini kwa kutembea ufuoni hakuna inayozishinda.

UmmSalim:
Hapo tumekubaliana. Kilo zikisimama kwa miezi miwili mitatu ndio ununue nyengine. Na usizianike juani saa saba, wala usitie jiki, lastiki inakufa haraka.

BintiMaweni:
Sawa, mpya moja na mbili za kuvuta. Za 40D zimebaki nzima kabisa, nampa shangazi yangu, yeye ndio saizi yake.